Tatu Zinatosha

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayejua lugha ya watu mliogombana nao, usiishie kumsifu mbele ya wageni. Msomee haya. Wangu mimi alikuwa akiitwa mtoto mwenye bahati, mpaka siku aliporudishwa na gari jeusi la wizara, akashushwa pale njia panda na sanduku lake, na dereva hata injini hakuzima.

Tuovi ni mwanangu wa pekee. Baba yake alibaki vitani. Sisi ni Wafini, watu wa Koivisto, tuliokimbia Warusi walipoichukua pwani yetu, tukapewa vipande vya shamba na vibanda vya samaki huku, kwenye ghuba ileile ila upande mwingine. Mama yangu mzazi aliwahi kuwauzia Warusi samaki enzi za mfalme wao, akajua kutukana na kupatana bei kwa Kirusi. Alimfundisha Tuovi wakimenya viazi. Mimi nilikuwa natoka nje. Sikutaka lugha ile isikike kwenye nyumba yangu. Baadaye Tuovi akaenda chuo Helsinki, akakisafisha kile Kirusi cha bibi, na wizara ikamchukua awe mkalimani.

"Mama, si lazima uwapende," aliniambia. "Mimi nabeba maneno tu, kama mtu wa posta."

"Mtu wa posta anaumwa na mbwa wa kila nyumba," nikamjibu. Akacheka.

Mwaka ule serikali yetu na Warusi walikuwa wanagombania bahari. Wetu walitaka wavuvi wetu wavue mpaka maili saba kutoka visiwani. Warusi wakasema hata maili moja ni zawadi. Hapa kijijini hayo hayakuwa mambo ya gazetini, yalikuwa mambo ya sahani. Silaka, wale samaki wadogo tunaoishi kwao, hawakai karibu. Ndani ya maili tatu unavua mawe na nyasi. Ukifika tano, unaanza kupata cha kuuza.

Mkuu wa ujumbe wetu alikuwa Bwana Aarnisalo, mtu mrefu mwenye suti za Stokholm, ambaye hakuwahi kukosea jambo lolote maishani mwake, ukimuuliza yeye. Alikuwa na agizo la siri: akibanwa sana ateremke, lakini asiteremke chini ya tatu. Namba hiyo waliijua watu wachache mno. Tuovi hakuijua. Aliijua siku aliyoshtakiwa kuwa ameitoa.

Maana asubuhi moja Warusi walikaa mezani na kabla ya chai kuja wakasema: sawa, tatu, kama mlivyosema wenyewe. Wetu wakatazamana. Kesho yake mtu wa wizarani, sijui nani, akamnong'oneza mwandishi wa habari. Gazeti likatoka na neno moja kubwa juu, TATU, na chini yake wameandika kwamba siri ya taifa imevuja, na kwamba macho yote yako kwa mkalimani, binti wa pwani mwenye Kirusi cha nyumbani. Jina hawakuweka. Lakini binti wa pwani mwenye Kirusi cha nyumbani walikuwa wangapi?

Nilipokwenda dukani kununua chumvi, Elvi mwenye duka alikuwa amelitandaza gazeti juu ya mizani. Elvi ni mtu wa Koivisto pia. Tulikimbia pamoja, kwenye behewa moja, ng'ombe wake akilala miguuni kwangu.

"Mama Tuovi," akasema, "leo mkwe wako atakula nini?"

"Mkwe gani?"

"Huyo Mrusi. Hatujaalikwa harusini, lakini mahari tumeshalipa sisi. Maili nne za bahari."

Wanawake waliokuwa pale wakacheka bila kunitazama. Nikasema nataka chumvi.

"Chumvi ya nini? Samaki hakuna."

"Elvi, mtoto huyu umembeba mgongoni."

"Ningejua, ningemwangusha," akasema, na akanipimia chumvi, akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole kama kitu kichafu. Simu ya kijiji kizima iko pale dukani, ukutani. Nilipoondoka niliona fundi asiye wa kwetu ameifungua kifuniko, anaichokonoa. Aliniamkia kwa adabu sana. Huyo ndiye pekee aliyeniamkia siku ile.

Tuovi alikuwa anapasua kuni tu. Alipasua kuni za majira mawili, akaanza kupasua zilizokwisha kupasuliwa. Nikangoja aseme mwenyewe. Jumamosi nikawasha sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, kama kila nyumba inavyofanya Jumamosi, tukaingia. Kwetu mtu akishavua nguo na kukaa kwenye lile joto, huwa hagombani wala hadanganyi, na alichokisema hakitolewi nje. Ndivyo tulivyolelewa. Na nakwambia mapema, ni hapo hapo tulipoumizwa.

"Ilikuwa sauna, mama," akaanza. "Ilikuwa sauna tu."

Wizara ina nyumba ziwani kwa ajili ya wageni wazito. Mazungumzo yakikwama, wanaume wanapelekwa sauna. Wanaamini kule ndiko salama, kwa sababu hakuna chombo cha kunasia sauti kinachoweza kuvumilia moto ule. Wanaingia uchi, wanamwaga maji juu ya mawe, wanakula soseji, na yaliyoshindikana mezani yanapata njia. Siku ile mkalimani mwanaume alikuwa amelazwa na homa ya mapafu. Mwanamke hawezi kuingia sauna na wanaume wasio wake. Basi wakamweka Tuovi kwenye chumba cha kuvulia nguo, juu ya benchi, katikati ya suruali zao zilizotundikwa, mlango wameuacha wazi upenyo wa kiganja. Wao wanapaza sauti ndani, yeye anapaza sauti nje, maneno yanapita kwenye upenyo pamoja na mvuke.

"Ulikuwa unawaona?"

"Naona nini, mama? Nasikia tu. Na wenyewe wamelewa joto, wanazungumza nusunusu."

Mkuu wa Warusi anaitwa Zhavoronkin, mzee mnene mwenye sauti ya ngoma. Walikuwa wamenyamaza kidogo. Halafu Zhavoronkin akauliza kwa Kirusi, polepole: "Sasa, tuseme ukweli, ngapi zinatosha?" Hakusema maili. Tuovi naye hakuongeza. Mkalimani haongezi, haondoi. Akapaza kwa lugha yetu: "Ngapi zinatosha?"

Na Bwana Aarnisalo, ambaye alikuwa amesimama karibu na mawe kashika kata ya maji, akajibu hapo hapo: "Tatu zinatosha."

Tuovi akaipitisha. "Tatu."

Ndipo akasikia maji yakimwagwa juu ya mawe. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha kata ikatupwa ndooni.

Jasho lilikuwa linamtoka Tuovi, sikuweza kujua kama ni jasho tupu.

"Alikuwa anajibu habari ya maji," nikasema.

"Alikuwa anajibu habari ya maji. Alidhani Mrusi anamwuliza amwage kata ngapi. Mimi nilijua pale pale, niliposikia ile ya kwanza. Nikasema moyoni, Zhavoronkin naye kasikia, yuko ndani, anaona kata kwa macho yake. Ataelewa. Akacheka tu, akasema vizuri, vizuri sana. Kumbe kacheka kingine."

"Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukuuliza?"

"Mkalimani hana mdomo wake, mama! Ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza. Unapitisha. Basi."

"Na Aarnisalo? Si aseme yeye?"

"Nimemwambia. Nimemwambia mbele ya mkurugenzi: bwana, ulisema wewe, ukiwa na kata. Akanitazama kama mtu aliyemkuta panya mezani. Akasema, 'Muungwana harudii maneno ya sauna.'"

Hapo nikamwelewa yule bwana. Alichukua mila yetu, ile tunayowafundisha watoto wakiwa wadogo, akaivaa kama koti la kujikinga na mvua, na mvua yote ikamnyea mwanangu.

Wiki iliyofuata akaja mtu. Alijitambulisha kwa jina la Lehtimaja, kutoka idara ambayo hakuitaja. Mtu wa makamo, mwenye miwani, sauti ya upole. Aliingia na viatu. Nyumba ya kwetu hakuna anayeingia na viatu, hata tajiri, hata padri. Nilimtazama miguuni, naye aliona ninatazama, na hakuvua. Nikajua hakuja kuzungumza.

Nilimpa kahawa na mkate wa iliki, kwa sababu adui naye hupewa kahawa. Tuovi alikuwa bustanini anang'oa viazi.

"Mama," akasema, "binti yako ana rafiki Mrusi?"

"Hana."

"Zhavoronkin amekataa kukaa mezani mpaka binti yako arudi. Anasema wakalimani wetu wengine wanamlainishia maneno, na kwamba yule msichana wa mlangoni ndiye peke yake anayesema kilichosemwa. Unaona ajabu hiyo? Mtu anayesifiwa na upande wa pili kiasi hicho."

"Anasifiwa kwa sababu kazi yake anaijua."

"Au kwa sababu ameilipia." Akamega mkate. "Mkutano wa mwisho ni Alhamisi. Tutampeleka, hatuna njia, tunamhitaji. Akishamaliza, ataandika kwamba afya yake ni mbaya, ataacha kazi, na hatutazungumza tena habari ya mahakama. Kuuza siri kwa Warusi, mama, ni miaka mingi. Ungemshauri kama mzazi."

Damu ikanipanda kichwani. Mimi si mtu wa kupigizana kelele, lakini yule mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu na viatu vyake.

"Siri gani!" nikasema. "Ilikuwa maji! Huyo mkubwa wenu alikuwa anamwaga maji juu ya mawe, kasema kata tatu, mwanangu kasema tatu. Hata mtoto wa shule anaelewa!"

"Tunajua," akasema Lehtimaja. "Zilisikika zote tatu."

Akasimamisha kikombe hewani. Nadhani alijisikia mwenyewe.

"Zilisikika na nani?" nikauliza.

Akatazama ndani ya kikombe.

"Mwanangu alikuwa nje peke yake. Waliokuwa ndani wote wamesahau. Wewe hukuwepo. Zilisikika na nani, bwana?"

Akaweka kikombe mezani taratibu. Nami nikaelewa. Ndani ya moto chombo hakiwezi kukaa. Lakini chumba cha nguo hakina moto. Walikuwa wamekitega pale, chini ya benchi aliyokalia mwanangu, ili wawasikilize Warusi wakivaa suruali. Basi walikuwa wamesikia kila kitu. Swali, jibu, maji. Walijua hana kosa tangu siku ya kwanza.

"Mnao ushahidi," nikasema. "Mnao, na mmemwacha aitwe hawara wa Warusi dukani."

"Mama, nisikilize vizuri." Upole ulikuwa umekwisha. "Hakuna chombo. Serikali yetu haiwategei wageni wake sauna. Warusi wakijua hilo, mkutano umekufa, na hizo maili mnazolilia mtazisahau, hata moja. Anayesema kuna chombo, anatoa siri ya dola. Ukilisema dukani, hutafungwa wewe, u mtu mzima. Nitamfunga yeye, kwa sababu nitasema amekuambia yeye. Na safari hii itakuwa kweli."

"Kwa hiyo akinyamaza ni msaliti, akisema ni msaliti."

"Akinyamaza ni mgonjwa," akasema. "Ni tofauti kubwa."

Akaondoka. Matope ya viatu vyake nikayafuta kwa mikono yangu, na nikawa nalia, si kwa huzuni.

Sasa, mama mwenzangu, ungefanyaje? Niliogopa. Nilifikiri jela, nikafikiri Tuovi akizeeka mle ndani. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini nilimwona dirishani amepiga magoti kwenye viazi, na jirani anapita barabarani, anatema mate upande wa uzio wetu, na Tuovi anajifanya hakuona. Nikawasha sauna, ingawa haikuwa Jumamosi. Nilimkalisha, nikamwaga maji mengi juu ya mawe mpaka hatuonani, na katikati ya ile kelele nikamwambia sikioni yote.

Alijifuta maji usoni.

"Aarnisalo anajua kuna chombo?" akauliza.

"Alivyoropoka Lehtimaja, nadhani hajui. Angejua, asingethubutu kukana."

"Basi nitakwenda Alhamisi," akasema. Nilimsihi asifanye kitu. Nilimwambia sema unaumwa, mwanangu, rudi nyumbani, watu watasahau. Akanijibu, "Watu wa Koivisto? Mama, wewe mpaka leo hujasahau ng'ombe wa Elvi alivyokukanyaga."

Yaliyotokea Alhamisi aliniambia mwenyewe. Meza ndefu, huku wetu, huku Warusi, yeye mwishoni. Lehtimaja alikaa ukutani kati ya wasaidizi, kana kwamba ni wa kuleta faili. Zhavoronkin alimwamkia Tuovi kwa furaha mbele ya watu wote, na uso wa kila mtu wa kwetu ukakunjamana. Kisha akasema: "Turudi kwenye neno la rafiki yangu. Yeye mwenyewe aliniambia, tatu zinatosha."

Tuovi akalipitisha kwa lugha yetu, neno kwa neno. Bwana Aarnisalo akafungua kinywa aanze hotuba yake. Na kabla hajaanza, mwanangu akamgeukia, akasema, kwanza kwa Kirusi ili wale wasikie, kisha kwa lugha yetu:

"Samahani, bwana. Mkalimani anaomba kufafanuliwa. Tatu nini?"

Hakuna mkalimani anayeuliza hivyo. Chumba kizima kilimgeukia.

"Unasemaje?" Aarnisalo akasema.

"Ulisema tatu zinatosha. Sikupata tatu nini. Naomba nisikosee mara ya pili." Na wakati anasema hivyo hakumtazama Aarnisalo. Alimtazama Lehtimaja, moja kwa moja, bila kupepesa.

Lehtimaja akageuka rangi. Akakohoa, akavua miwani, akaivaa. Bwana Aarnisalo ana kiburi, lakini mjinga siye. Alimtazama Tuovi, akafuata macho yake mpaka ukutani, akamwona yule mtu anavyotoka jasho kwenye chumba cha baridi. Tuovi anasema aliiona sura yake ikibadilika kidogokidogo, kama mtu anayesikia nyayo ndani ya nyumba aliyodhani yuko peke yake. Kama kuna sikio, basi sikio hilo linajua. Akisema maili, amejiuza mwenyewe mbele ya ujumbe wake. Akisema hakumbuki, kuna anayekumbuka.

"Kata," akasema.

"Sikusikia, bwana."

"Kata za maji! Nilikuwa namwaga maji. Nilidhani ananiuliza nimwage kata ngapi."

Tuovi akalipitisha kwa Kirusi. Zhavoronkin alikaa kama mtu aliyepigwa kofi, halafu akacheka mpaka akashika tumbo. "Nimewahi kudanganywa kwa vodka," akasema, "nimewahi kudanganywa kwa wanawake. Kwa maji, leo ndiyo mara ya kwanza." Kisha kicheko kikakatika, akapiga meza kwa kiganja, na matusi yakaanza. Siku nzima walitukanana, na mwanangu akabeba matusi yote, huku na huku, hakupunguza hata moja. Mwishowe wakakubaliana tano.

Tano, mama mwenzangu. Silaka wako ndani ya tano.

Bwana Aarnisalo alipewa nishani kwa ajili ya hizo tano. Picha yake ilitoka gazetini. Tuovi alifukuzwa jioni ileile, kabla hajavaa koti. Si kwa kuuza siri, hapana, hilo halikutajwa tena. Alifukuzwa kwa sababu mkalimani amefungua mdomo wake mezani. Lehtimaja alimfuata mpaka kwenye ngazi, akamwambia, "Mama yako anapenda kuwasha sauna siku zisizo za sauna." Hivyo tu. Ndiyo nikajua kwamba hata moshi wa nyumba yangu unatazamwa.

Jela hakwenda, maana kumshtaki kungelazimisha kutaja chombo. Lakini kijijini hakuna aliyeambiwa habari ya kata, na mimi nikilisema nitamfunga mwenyewe. Ndiyo maana haya nimeyaandika tu; ukishamsomea mwanao, yachome. Elvi anauza silaka wa maili ya nne na ya tano, pipa kwa pipa, na akiniona ananipimia chumvi kwa ncha ya kidole vilevile. "Bahati yetu Aarnisalo alisimama imara," huwa anasema, kwa sauti, ili nisikie. Nami nachukua chumvi yangu.

Tuovi alivuka kwenda Uswidi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma huko Göteborg, na Kirusi hataki hata kukisikia. Hupiga simu Jumapili pale dukani, Elvi akinisikiliza kwa sikio moja na ile waya aliyoichokonoa yule fundi ikikwaruza kwa sikio la pili. Majuzi alisema, "Mama, baridi imeingia, nitumie tatu."

"Tatu nini?" nikamwuliza.

Akacheka. Mara ya kwanza namsikia anacheka tangu aondoke. "Umejifunza," akasema.

"Tatu nini, mwanangu? Sema wazi."

"Jozi za soksi, mama. Za sufu."

Waya ikakwaruza. "Soksi," nikasema, polepole, kwa yule mwingine aliyekuwa anasikiliza kwenye waya. "Jozi tatu, za sufu. Umeandika? Basi usije kesho na viatu vyako kuniuliza."